Mshipa Ulioitika

Masikio yalimziba Mama Pindo, fundi wa nguo, baada ya homa ya uti wa mgongo, wakati binti yake ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Tangu hapo akawa mtu wa kusoma midomo. Binti alikua, akasoma, akawa mwalimu, lakini kichwani mwa mama yake aliendelea kusema kwa kile kisauti chembamba cha kudeka.

Uzeeni alipandikiziwa kifaa cha kusikia. Siku ya kukiwasha, alikuwa na wasiwasi.

"Mshipa wa kusikia uliokaa bure miaka yote hii, si umeshakufa?"

Mtaalamu wa masikio akamgeuzia kompyuta, akasema taratibu ili midomo isomeke. "Ulipokuwa umelala kwenye upasuaji, tuliupelekea umeme kidogo sana. Unaona hiki kijilima? Ndilo jibu lake."

"Mmeongea naye mimi nimelala? Umbea huo!"

"Tulibisha hodi tu, mama. Ukaitika. Kuelewa maneno kutachukua muda."

Kifaa kikawashwa. Binti akasema, "Mama." Mama Pindo akasikia vijiko vikigongana ndani ya kopo. Machozi yakamtoka.

"Huyu siye mwanangu."

Binti akalimeza hilo. Kila akitoka shuleni alipitia kwa mama yake, akakaa kwenye kigoda kando ya cherehani na kumsomea gazeti kwa sauti, mpaka matangazo ya vifo. Polepole vijiko vikapungua, maneno yakaanza kuchomoza.

Jioni moja Mama Pindo alikuwa ameinamia sketi, mgongo kwa binti.

"Washa taa bwana, unajiumiza macho!" sauti ikatoka nyuma yake.

"Abee, mama," Mama Pindo akajibu.

Mkono ukamganda juu ya kitambaa. Hakuwa amesoma mdomo wa mtu. Na sauti ile nzito, yenye kukwaruza kidogo mwishoni, aliijua: ndivyo alivyokuwa akigombezwa na marehemu mama yake, enzi za ujana wake.

Akageuka. "Hebu sema tena."

"Washa taa."

"Mungu wangu. Umemchukua bibi yako mzimamzima."

"Mimi hata simkumbuki vizuri, mama."

"Na kale katoto kangu kalikokuwa kakideka?"

"Kamekua."

Mama Pindo alicheka, akafuta macho kwa upindo wa sketi ya mteja. Kisha akavuta kigoda cha binti karibu, akaanza kumweleza bibi yake alikuwa mtu wa namna gani.