Baiskeli Nne za Ukutani

Mimi siamini kichwa changu. Mtu anayefungua na kufunga bolti mia mbili kwa siku akianza kuamini kichwa chake, ipo siku atamuumiza mtu. Ndiyo maana natumia alama. Nikikaza bolti mpaka spana ikagoma, naweka tone la rangi ya kucha juu yake, jekundu. Penye tone pamekazwa. Pasipo na tone, hata kama naapa nilishapita hapo, narudia. Chupa ya kwanza nilipewa na mke wangu miaka kumi na moja iliyopita, na tangu hapo muuzaji wa duka la vipodozi ananijua vizuri. Aliwahi kuniuliza nina wake wangapi.

Jumamosi ile uani kwangu kulikuwa na baiskeli thelathini na moja. Kesho yake asubuhi chama chetu cha waendesha baiskeli kilikuwa kinaendesha kilomita sitini kuchangia wodi ya figo, wapate mashine ya tatu ya kusafisha damu. Mama mkwe wangu analala kwenye mojawapo ya zile mbili kila Jumatatu na Alhamisi, masaa manne kila mara. Mashine ikigoma anarudishwa kwangu, anakoishi, miguu imevimba kama magogo. Kwa hiyo sikungoja kuombwa. Nilisema zileteni zote kwangu.

Huwa nafanya kwa mkupuo: magurudumu ya zote, kisha breki za zote, mwisho shingo za usukani. Shingo nazilegeza zote kwanza, nazisafisha, nazitia grisi, nazishikiza kwa vidole tu, halafu ndipo naanza kukaza moja baada ya nyingine. Mke wangu anasema ni ujinga, bora umalize moja ndipo ushike nyingine. Huwa namjibu kwamba yeye ni karani wa posta, agonge mihuri yake, spana aniachie mimi.

Saa kumi jioni zilikuwa zimebaki zile zilizoegemea ukuta. Hapo akaja nesi mkuu wa wodi na gari. Tunamwita Sista Filimbi kwa sababu filimbi haimtoki shingoni, hata wodini. "Fundi, bango la kuanzia limevunjika mguu. Panda, uje uchomelee." Nikapanda. Kazi ya dakika kumi ikawa ya saa moja na nusu. Nimerudi jua linazama, mgongo umekufa ganzi. Nikatupa jicho ukutani: matone mekundu, yanang'aa, kila moja mahali pake. Nikajiambia, kumbe nilimaliza. Nikafunga geti.

Lakini kitu kilinikera. Nilikula kikinikera, nikalala kikinikera, kama uzi wa nyama ulionasa kwenye jino.

Jumapili mama mkwe alikalishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya bango, akapewa bendera ya kuanzisha msafara. Nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mkono asiuachie. "Jana ulivyoondoka nilikuonea huruma. Nikakumalizia zile za ukutani."

"Kunimalizia nini, mama?"

"Ile rangi. Nyingine zote zilikuwa nayo, zile zimeachwa kama mayatima. Nikavuta kiti, nikatia moja moja. Na mikono yangu hii inavyotetemeka, lakini hata tone halikumwagika." Akacheka. "Na nyie mnahangaika kwa ajili yangu, nikae tu nitazame?"

Nilihisi damu inashuka mpaka kwenye soksi. Angekuwa mtu mwingine ningepiga yowe hapo hapo. Lakini mama mkwe hapigiwi yowe, na mama mkwe huyu ndiye watu thelathini walikuwa wamevaa fulana zenye picha ya figo kwa ajili yake.

"Asante, mama," nikasema. "Zilikuwa ngapi?"

"Nne."

Filimbi ikalia. Akainua bendera, akaishusha, na watu wote wakaondoka.

Mimi sikumbuki watu, nakumbuka baiskeli. Ukutani kulikuwa na ile ya kijani yenye kikapu, ya mwalimu wa hesabu. Ile nyeusi nzito, ya muuza nyama. Ya bluu, ya mke wangu. Na ile nyembamba ya njano, ya kinyozi. Nne, shingo zimeshikwa kwa vidole tu. Shingo kama hiyo ni mnafiki. Kwenye barabara iliyonyooka inaweza kwenda kilomita ishirini isikwambie kitu. Siku utakayoukata usukani kwa nguvu, wewe unakwenda kulia na gurudumu linakwenda linakotaka.

Na njia yetu naijua. Kilomita nane tambarare, kumi na mbili za kupanda mpaka kwenye tangi la maji, halafu mteremko mkali unaoishia kwenye kona na daraja. Kona ile haikatwi kwa upole.

Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukaa nyuma ya wote na mkoba wa zana. Nikaisahau kazi yangu, nikakanyaga.

Mwalimu nilimpata kilomita ya tatu, anaendesha taratibu, ameinua kidevu kama anasimamia mtihani.

"Mwalimu, simama kidogo. Ukaguzi."

"Ukaguzi gani tena njiani? Jana si ulikagua?"

"Simama tu, mwalimu."

Nikabana gurudumu lake la mbele katikati ya magoti, nikausokota usukani. Ukazunguka kama bomba la maji. Nikakaza haraka kabla hajaona vizuri.

"Ndiyo maana ilikuwa inanivuta kushoto," akasema. "Nikadhani ni uzee."

"Ni uzee," nikasema, nikaondoka.

Muuza nyama alikuwa kilomita ya tisa, kilima kimeanza kumkaba, anahema kama anasukuma lori. Alifurahi kusimamishwa. Nilipoinama kwenye usukani wake akainama na yeye.

"Fundi, hata mimi ng'ombe simkagui hivi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Utaratibu."

"Mbona unatoka jasho la mtu anayedanganya?"

"Ni kilima."

"Mimi ndiye mwenye kilo mia moja na kumi. Jasho la kilima nalijua."

Wa kwake pia ulizunguka. Nikakaza, nikapanda, nikamwacha anaita "Fundi! We fundi!" mpaka sauti ikakatika.

Wakabaki wawili, na wote wawili ni watu wa mbele. Mke wangu alianza baiskeli kwa agizo la daktari, sasa miguu yake ni ya chuma. Kinyozi ana maringo tu, lakini maringo nayo yanasukuma pedali. Nikampigia mke wangu. Simu ikaita mpaka ikachoka. Huwa anaiweka kwenye mkoba chini ya kiti.

Sasa niseme ukweli, maana ndio huu uliobaki. Namba ya Sista Filimbi nilikuwa nayo. Alikuwa ndani ya gari la mbele, linaloongoza msafara. Simu moja tu, asimamishe watu wote, na mimi nifike taratibu nikaze. Kidole gumba kilikuwa juu ya jina lake. Nikawaza nitakayoyasema. Fundi kaacha usukani umelegea. Fundi wa miaka ishirini na sita. Au niseme mama mkwe katia rangi, mgonjwa wa watu, siku aliyopewa bendera? Nikairudisha simu mfukoni. Nikajiambia nitawapata mwenyewe, hakuna atakayejua.

Nikapanda kilima kile kama nafukuzwa na nyuki. Niliwapita watu, wananipigia makofi, wanadhani nimepata ari. "Fundi leo kapagawa!" Sikuwatazama nyuso, nilitazama baiskeli tu: nyekundu, nyeupe, nyekundu, ya kijivu. Bluu hakuna. Njano hakuna. Kila kona nilisema baada ya hii nitawaona, na baada ya hiyo kulikuwa na kona nyingine. Mapaja yalianza kutetemeka. Mnyororo ukaruka, nikaurudisha kwa mikono inayoteleza. Zilikuwa zimebaki kilomita mbili kufika tangini nilipokubali kwamba sitawafikia.

Ndipo nikapiga.

"Sista, simamisha watu wote kwenye tangi. Mtu yeyote asiteremke."

"Kuna nini?"

"Kuna usukani haujakazwa."

"Nani hakuukaza?"

"Mimi."

Nikasikia filimbi, ndefu, mpaka nikaiondoa simu sikioni.

Nilipofika, watu kumi na kitu walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa tangi wanakunywa maji. Baiskeli ya bluu ilikuwa ya kwanza. Nikairukia bila salamu, nikabana gurudumu, nikasokota. Haikutikisika hata unywele. Nikajaribu tena.

"Niliikaza leo alfajiri," mke wangu akasema. Alikuwa amesimama nyuma yangu. "Huwa narudia kila ukimaliza."

"Tangu lini?"

"Tangu siku zote." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Mama ana rangi kwenye vidole. Ni yeye?"

"Ni mimi."

Nikageuka kwa Sista. "Kinyozi yuko wapi?"

Sista alikuwa ameshika filimbi kama anataka kuivunja. "Alilipita gari. Dakika tano kabla hujapiga. Nilimpigia honi, akanipungia mkono."

Nilishuka mteremko ule bila kushika breki. Sikuwa na haki ya kushika breki.

Alikuwa kwenye majani kabla ya daraja, amekaa, miguu ameinyoosha kama mtu anayeota jua. Mkono wa kulia ameulaza pajani, na kifundo kilikuwa kimepinda kama kijiko. Baiskeli ya njano ilikuwa mtaroni, gurudumu linatazama mbele, usukani unatazama pembeni.

"Niliukata kulia," akasema, sauti yake ndogo. "Gurudumu likagoma. Yaani niligeuza usukani, fundi, na baiskeli ikanyooka tu."

"Usiusogeze mkono."

"Ni mkono wa mkasi."

"Naona."

"Utapona?"

"Sijui. Sista anakuja."

Nikakaa karibu yake. Ningeweza kunyamaza. Angeamini ni grisi, ni kona, ni bahati mbaya. Lakini nilikuwa nimeshachoka kukimbia tangu asubuhi.

"Shingo ilikuwa haijakazwa," nikasema. "Niliiacha mimi. Na nilijua."

"Ulijua lini?"

"Kwenye bendera."

Alifumba macho, akapiga hesabu. "Saa nzima?"

"Saa na zaidi."

"Na simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Sasa kwa nini?"

"Niliona aibu."

Alicheka, kicheko kikamuuma, akakatisha. "Miaka tisa nakunyoa. Wateja wote wananipigia kelele, wewe peke yako unakaa kimya kama gunia. Nilikuwa nasema yule fundi ni mtu wa kweli, hana mambo mengi." Akatema mate pembeni. "Kumbe ulikuwa huna la kusema."

Gari la Sista likafika. Nilinyoosha mkono nimsaidie kusimama.

"Usinishike wewe," akasema. "Sista ndiye anishike."

Sista akamfunga mkono kwa ubao na leso, akamwingiza kwenye gari. Mimi akaniambia neno moja tu, "Baadaye," na nikajua baadaye hiyo itakuwa ndefu. Gari likaondoka.

Wa nyuma walipofika tangini, wote wakaanza kuteremka kwa miguu, wanasukuma baiskeli, kama alivyowaamuru. Habari ilikuwa imeshawafikia. Wakasimama darajani, wakaitazama baiskeli ya njano mtaroni, kisha wakanitazama mimi. Hakuna aliyetukana. Afadhali wangenitukana.

"Zilikuwa nne tu," nikasema. "Zote nimeshazipitia. Zenu zimekazwa, zina alama. Lakini nitazirudia zote, moja moja, hapa hapa. Mwalimu, tuanze na yako."

Nikashika usukani wake. Mwalimu akauvuta kwake, taratibu, bila ubaya.

"Nipe spana," akasema. "Nitakaza mwenyewe."

"Nimeshaikaza, mwalimu. Umeniona."

"Nimekuona. Na umeniambia ni uzee." Akaacha mkono wake wazi mbele yangu, kama anadai daftari. "Nipe."

Nikampa. Hakujua aiweke wapi, akaigeuza mara mbili. Mke wangu akasogea, akamwonyesha. Bana gurudumu kwa magoti, hivi. Ingiza hapa. Vuta mpaka igome, halafu jaribu kusokota kwa nguvu zako zote, usiionee huruma. Mwalimu akavuta, akasokota, akaitikia kwa kichwa. Akampa muuza nyama spana. Muuza nyama hakunitazama. Akakaza ya kwake, akampa aliyefuata.

Ikaenda hivyo mkono kwa mkono, upande huu wa daraja mpaka ule. Niliona wengine wanakaza kupita kiasi, nikafungua mdomo, nikaufunga. Mke wangu alikuwa akiwaambia. Mimi nilisimama kwenye ukingo wa daraja, mikono ninaitia mfukoni, ninaitoa, ninaifuta kwenye suruali, ninaitia tena. Aliyemaliza alipanda na kuondoka. Zilikuwa zimebaki kilomita thelathini na sita, na kazi yangu ilikuwa bado ile ile, kukaa nyuma ya wote. Nikangoja wote watangulie.