Alikotazama Navalayo

Jumatatu ya pili ya Januari 1996, saa moja na nusu asubuhi, Navalayo alivalishwa kofia yenye kamera mbili, akawasha trekta lake lililovuta trela mbili za miwa, akashika barabara. Kamera moja ilitazama mbele. Ya pili ilitazama jicho lake la kulia. Mwenye mitambo hiyo, Mildred, mtafiti wa chuo kikuu, alikaa juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma amekumbatia betri. Alitaka kujua dereva hutazama wapi na akili yake hufanya kazi kiasi gani. Mboni ikipanuka, alieleza, ujue akili imebeba mzigo.

"Basi mboni yangu itapasuka," Navalayo akasema, akacheka. Alikuwa mwanamke pekee kati ya madereva ishirini na sita wa kiwanda cha sukari.

Walipopita Lurambi, kumbikumbi walianza kutoka ardhini. Mvua haikuwa imenyesha tangu Novemba. Walitoka pale tu macho ya Navalayo yalipotua: wachache karibu na mwanamume aliyesukuma baiskeli, wengi zaidi kidogo kwenye shimo la barabarani. Mildred aliandika saa na mahali.

Kwenye mteremko wa shule ya msingi, Navalayo alikaza macho pale watoto wanapovukia, asiyaondoe kwa sekunde kumi na moja. Kumbikumbi wakafumka kwa maelfu. Watoto wakavua masweta kuwakamatia. Awinja, mpishi wa shule, akatoka na sufuria kubwa kuliko zote, akaiweka chini, akarudi kuchukua nyingine.

Alasiri Mildred aliwasha mkanda wa video ofisini kwa Bwana Wangila, mkuu wa magari.

"Hapa mboni imepanuka kuliko kwingine kote," akasema. "Kwa nini, mama?"

"Trela hazina breki. Nikiteremka zinanisukuma. Kwa hivyo naangalianga kila mtoto, nani anataka kukimbia, nani amefunga kiatu vibaya. Na ninachagua mtaro wa kuingia, mmoja wao akianguka."

"Umewahi kuripoti?" Mildred akauliza.

"Kila mwaka."

Bwana Wangila alikuwa akila kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi. Alimeza kwanza. "Umeendesha miaka mingapi?"

"Sita."

"Umegonga watoto wangapi?"

"Hakuna."

"Basi breki tunazo," akasema, akiyaonyesha macho ya Navalayo kwa kidole.

Mildred aliandika ripoti ya kurasa kumi na saba. Kiwanda kiliigonga muhuri wa kupokelewa. Akarudi Nairobi na kofia yake, lakini kumbikumbi hawakukoma. Watu wa Chekalini walituma wajumbe watatu kuomba trekta hilo lipitie kwao pia, wakaambiwa wasubiri. Pale shuleni, obusuma, ule ugali wa mchana, ulipata kitoweo siku tano kwa wiki, na mwalimu mkuu akalalamika kwamba sare zinawabana watoto.

Navalayo alinenepa pia, lakini kilichomfurahisha hasa kilikuwa kingine. Kwa miaka sita alikuwa akifika nyumbani amechoka kwa kazi isiyoonekana, kwa maana matunda yake yalikuwa mambo ambayo hayakutokea. Nani humshukuru mtu kwa ajali isiyotokea? Sasa uchovu wake ulikuwa na mabawa, ulikaangwa, ulipimwa kwa vikombe. Wanawake walimsimamisha njiani kumwambia, "Mama, leo umetazama vizuri sana," naye akaitikia, "Asanteni," kama anayesifiwa kwa mahindi yake.

Alhamisi moja ya Machi alifika juu ya mteremko kabla ya saa nne. Kule chini watoto walijipanga pande zote mbili za barabara, bakuli mkononi, na Awinja akampungia mwiko. Trela zikaanza kumsukuma. Navalayo akaanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu, watoto wakaupokea, naye akakodoa macho yote mawili, akateremka.