Somo la Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, siku hizi analipwa kuwafundisha watu namna ya kujifunza kutokana na kufeli. Anavaa koti la kubana, anashika kipaza sauti na kuzunguka jukwaani kama bwana harusi. Kufeli anakokuuza ni kwangu mimi.

Nilikuwa na saluni. Chumba cha mbele kilikuwa na vioo na viti kama saluni yoyote, lakini riziki yangu ilikuwa chumba cha nyuma. Huko walikuja wanawake walionyonyoka nywele: waliojifungua, waliougua, waliosukwa kwa kukazwa tangu utotoni mpaka paji la uso likapanda juu. Walipitia mlango wa uani. Niliwakanda ngozi kwa mafuta, na wengine nikawashonea wigi ambalo hata waume zao hawakulitambua. Sikuwahi kuweka tangazo. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, basi.

Shemeji alipomaliza kozi yake ya masoko, nyumbani kukawa hakukaliki.

"Shemeji, biashara gani hii ya kujificha? Watu wakiiona kazi yako watapanga foleni mpaka barabarani."

Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka nami nikajiona mjinga niliyekalia dhahabu. Nikampa simu yangu. Humo mlikuwa na picha za Mwalimu, mteja wangu wa kwanza, nilizompiga ili yeye mwenyewe aone nywele zinavyorudi. Shemeji akachagua mbili, kabla na baada, akabandika bango mlangoni na kuzisambaza mitandaoni. Uso aliukata. Kovu la shingoni aliliacha.

Wanafunzi walilijua kovu lile. Walikuwa wakilitazama kila siku Mwalimu akiwapa mgongo kuandika ubaoni.

Mwalimu alikuja kwangu amejifunga kitambaa, akaingia kwa mlango wa mbele. Hakupandisha sauti.

"Ungeniuliza, ningekukatalia, yakaishia hapo. Tungebaki marafiki."

"Nisamehe, Mwalimu. Ni shemeji yangu, yeye ndiye..."

"Kichwa changu nilikukabidhi wewe."

Hakurudi. Wengine nao hawakurudi, maana kila mmoja alikumbuka kwamba picha zake zimo kwenye simu yangu. Nilidhani nauza nywele, kumbe walikuwa wananilipa ninyamaze. Nilifunga saluni, nikafungasha virago, na sasa nasukia watu kwenye kibaraza cha dada yangu. Saluni niliililia, sikatai. Lakini kilichokuwa kikininyima usingizi ni Mwalimu.

Kwa hiyo shemeji aliponipigia simu kuniambia kwamba ataungama makosa yake mbele ya ukumbi mzima, moyo ulilainika. Nilimwendea Mwalimu kwake, nikambembeleza aje amsikie kwa masikio yake. Alikataa. Nikabembeleza tena, akakubali, na alisema anakuja kwa ajili yangu tu.

Tulikaa viti vya mbele. Shemeji aliongea vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema alikosea, alisema mteja ni amana, na watu wakaandika. Nilimtazama Mwalimu kwa pembe ya jicho, nikaona mabega yameshuka kidogo. Nikafurahi.

"Sasa niwaonyeshe kosa lenyewe," shemeji akasema, akabonyeza kitufe.

Picha zile mbili zikajaa ukutani, kubwa kuliko mlango, utosi mtupu na shingo yake. Simu zikainuliwa kila upande ili kuzipiga picha.

Nilipanda jukwaani bila kufikiri, nikasimama mbele ya ukuta, mikono nimeitanua. Sikuziba hata nusu.

"Na huyu hapa ndiye mwenye saluni, jamani," shemeji akatangaza, akinishika bega. "Shemeji yangu kipenzi. Mpigieni makofi kwa ujasiri wake."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikamtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa pale pale kwenye kiti chake, uso umekauka, naye akipiga makofi kama wenzake ili asije akajulikana.