Mume Wangu Amekonda

Kwanza niseme wazi: mume wangu sikumnyima chakula. Anayesema hivyo aje aniangalie usoni, mdomo ninao.

Mume wangu ni fundi rangi. Siku hiyo alikuwa anapaka dari ya shule, akashuka ngazi ameshika kifua, akalala sakafuni. Moyo. Wakampasua, Mungu akamrudisha. Tulipotoka hospitali daktari alituketisha wote wawili akatuambia tule vitu kama vilivyotoka shambani: mboga, maharage, matunda, nafaka isiyokobolewa. Kilichopita kiwandani kikafungwa kwenye plastiki, tuachane nacho. "Na iwe nyumba nzima," akasema. "Mkimpikia peke yake ataiba kwenye sahani za watoto. Mshtuko mwingine moyo huu hauuwezi."

Nikarudi nikafagia kabati. Soda, soseji, biskuti, supu za pakiti, zote nje. Watoto walinuna weee! Mdogo akaniuliza kama siku hizi sisi ni mbuzi. Nikamwambia umeona wapi mbuzi kaanguka kwa moyo, kula. Na mimi nisijifanye malaika, niliziota soda, mtu mzima mimi. Lakini baba yao alianza kupanda ngazi za kwetu bila kutweta. Nani arudi nyuma hapo?

Mama mkwe, ndiye.

Alikuwa haji bila kikapu. Mkono mtupu haulambwi, anasema, na mgonjwa haendewi hivi hivi. Basi kikapu kimejaa soda na vitu vyake vya kukaanga vinavyochuruzika mafuta. Wenzangu wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wangu anakuja mwenyeji azikwe! Nilimweleza kwa adabu, nikarudia, nikapiga magoti. "Sawa, mwanangu," ananijibu, halafu nikienda jikoni namsikia akimwambia mwanawe ale upesi upesi.

Mimi ni fundi cherehani. Suruali zote za mume wangu nilizipunguza kiuno kwa mikono yangu, na kila nilipokata kitambaa nilimshukuru Mungu. Mama mkwe aliziona suruali zile zile akapiga yowe: "Mwanangu amekonda!" Kwao mwanamume akikonda, basi ana mke mbaya. Ukoo mzima ukaambiwa. Wifi yangu akanipigia simu: "Wifi, kaka yetu unamfanyia nini?" Mimi ninayeamka alfajiri kumchambulia mboga!

Juzi napiga pasi koti lake, nakuta mfukoni soseji imeviringishwa kwenye karatasi. Nikamwekea mbele yake.

"Mama alinipa," akasema. "Nilishindwa kumkatalia."

"Kufa je, utashindwa?"

Jamani! Mtu kapasuliwa kifua, na bado hawezi kumwambia mama yake hapana. Nililia kwa hasira mpaka pasi ikaunguza koti.

Jana wakaja mama mkwe na wifi. Safari hii hawakuleta kikapu, walileta begi tupu.

"Tumekuja kumchukua," mama mkwe akasema. "Akakae kwangu, ale chakula cha watu. Hapa ananifia."

Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Nikajua akinyanyuka tu kumfuata, nitaitwa kwenda kumzika. Adabu ikanitoka.

"Mchukue basi! Na sanda ununue kabisa, maana mimi nimechoka kumponya mchana wewe unamuua kwa mlango wa nyuma!"

"Wifi! Unamfokea mama?"

"Namfokea! Nitamfokea mpaka asikie!"

Mama mkwe hata hakunitazama. Alimwekea mwanawe begi magotini. "Fungasha nguo zako, baba. Twende zetu."

Mume wangu akalishika lile begi. Akalikunja pole pole, akamrudishia.

"Mama," akasema, "ni kweli nimekonda. Baba alikufa mnene. Alikufa mezani kwako, kijiko mkononi, ameshika kifua chake hivi hivi kama mimi. Na msibani kila mtu alikusifu kwamba ulimlisha vizuri."

Wifi akaziba mdomo. Mama mkwe alikaa na begi lake mapajani, akilitazama.

"Kwa hiyo," akasema, na sauti haikuwa yake, "mimi ndiye niliyemuua baba yako?"

Nilimtazama mume wangu, nikimwomba kwa macho aseme hapana, aseme lolote. Alikuwa analia, hakusema. Na mimi mwenye mdomo, nikautafuta nisiuone.

Jamani, ni mara ngapi nilimwomba Mungu anioneshe siku ambayo yule mama atanyamaza? Haya, akanionesha. Nikatamani anitukane tu, anitukane mpaka usiku.