Makubadhi Mlangoni kwa Bi Amne

Mdogo wangu Khawla alipofiwa na mtoto wa siku tisa, aliacha kulala, akaacha kuoga, na siku moja akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kisima cha uani kwake kinamwita. Hapo nikaanza kumtafutia mtaalamu wa ushauri nasaha. Nyinyi wa miji mikubwa mtanicheka, lakini Mji Mkongwe kuulizia mtu kama huyo ni sawa na kupiga mbiu sokoni.

Kwenye duka la dawa nilipewa majina matatu. Wa kwanza alikuwa ameshahamia Dar es Salaam. Wa pili ni shangazi yake mume wa Khawla, na kwa huyo siri ya asubuhi haifiki adhuhuri. Wa tatu, Bi Amne, alikuwa na chumba kimoja Ng'ambo, jirani na mafundi cherehani, mlango ukitazama njia. Msomi, mpole, hana ujamaa na sisi. Nilimshukuru Mungu.

Ila viatu huvuliwa nje. Na viatu vya Khawla, alivyoletewa na mumewe kutoka Maskati, mtaa mzima unavijua.

"Vaa makubadhi yangu," nikamwambia. Yalikuwa na uzi wa kijani pale fundi alipoyashona upya. "Mimi sina mume wala mchumba. Nani atanisema?"

Kila Jumatano, kwa miezi minne, makubadhi yangu yalikaa mlangoni kwa Bi Amne. Khawla akaanza kulala tena. Akaanza kucheka. Hilo silijutii, na asitokee mtu akadhani nalijutia.

Kisha Msabah akaleta posa. Mwalimu mwenzangu, miaka miwili tunakunywa chai meza moja, mwanamume anayekusikiliza mpaka umalize. Nilimtaka. Nasema wazi, nilimtaka hadi nikajionea haya. Wiki haikupita, khabari zikamfikia mama yake: Riyama ana wazimu, makubadhi yake yalikuwa hayakosi kwa Bi Amne.

Nilikwenda mbio Ng'ambo. "Waambie tu mimi si mgonjwa wako."

"Sisemi nani wangu, mwanangu, wala sisemi nani si wangu," Bi Amne alijibu. "Nkianza kwako, ntamalizia kwa nani?"

Nilimchukia kwa sababu alikuwa na haki.

Akabaki Khawla. Kwetu posa huulizwa kwa ndugu, na mama yake Msabah, Bi Mwanakheir, angekwenda kwake. Nilimwambia, "Usijitaje. Sema tu kuwa si mimi." Akanishika mikono yote miwili. "Wallahi ntasema, dada."

Siku aliyokuja, nilikuwa jikoni kwa Khawla nikipika kahawa, mgeni hajui kama nipo.

"Mwanangu, nnauliza kwa kheri tu," Bi Mwanakheir alisema. "Haya ya dada yako kwenda kwa yule Bi Amne, kweli?"

Nikasikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani. Moyoni nilikuwa namsukuma: sema, Khawla, maneno mawili tu.

"Mwombeeni dua, Bi Mwanakheir," akasema. "Sote tunamwombea."

Kahawa ilifurika ikazima jiko. Nilipotoka, mgeni alikuwa ameshaaga. Khawla hakuninyanyulia uso.

"Ningesema si wewe, angeniuliza, basi ni nani," alisema. "Mume wangu angeniacha. Wewe una nguvu, dada. Siku zote una nguvu."

Ningeweza kumkimbilia yule mama njiani nikamweleza kila kitu. Nilitoka hadi uani, nikakiona kile kisima, nikarudi ndani.

Msabah alihamishia kikombe chake meza nyengine.

Jumatano iliyofuata nilivaa makubadhi yangu, nikenda Ng'ambo mchana kweupe, nikayavua mlangoni kwa Bi Amne. Waliosema nakwenda walikuwa waongo. Siku hiyo nikawafanya wakweli.

Bi Amne aliniuliza kilichonileta.

"Mdogo wangu," nikasema, nikaanza kulia.