Mikono Iliyotoka kwenye Makuti

Mara ya kwanza walimcheka. Wiki mbili zilizopita nesi Stefania alifika Njinjo na deli la barafu la kubebea chanjo begani, maana surua ilikuwa imeshaua mtoto kijiji cha jirani. Wavulana ishirini na wawili walikuwa jandoni, nyuma ya uzio wa makuti, na kungwi wao, Mzee Bakary, akamzibia njia.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuwachanja vijana."

"Marahaba. Mwanamke hakanyagi hapa, nesi. Wala hawaonwi mpaka siku ya kutoka."

Akacheka, na wanaume wenzake wakamsaidia kucheka. Stefania alirudi zahanati amefura. Jando hakulidharau, kaka zake wote walipita huko. Alichokichukia ni kile kicheko.

Leo surua iko ndani ya Njinjo kwenyewe, na Stefania amerudi, tena hakuja kuomba.

"Sitaki kuwaona," alisema. "Toboeni makuti, watoe mikono tu. Mkono nao una mwiko?"

Mzee Bakary aliwatazama wenziwe. Safari hii hakucheka mtu.

Mikono ikaanza kutoka, mmoja mmoja, myembamba, imejaa vumbi. Stefania alichoma, akapaka wino kidoleni, akahesabu kwa sauti. Ishirini na mmoja.

"Wa mwisho yuko wapi?"

"Ismaili kapumzika," alisema Mzee Bakary. Ismaili alikuwa mjukuu wake.

"Nataka mkono wa Ismaili."

Ulitoka polepole. Ulikuwa unawaka moto, na vipele vimetapakaa hadi kwenye kiganja. Nyuma ya makuti mtoto alikohoa, akashindwa kumaliza kukohoa. Stefania akairudisha sindano kwenye deli.

"Tangu lini?"

"Siku ya nne," mzee alijibu, macho chini. "Tulichelea wazazi wasije kuwatoa wenzake kabla ya siku."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua! Wiki mbili zilizopita mtoto huyu mzima, chanjo ninayo mkononi, wewe unanichekea! Ulikuwa unacheka nini, mzee? Niambie na mimi nicheke!"

Mzee Bakary akafumbua mdomo. "Lakini mwiko..."

Stefania hakungoja amalize. Alishika makuti kwa mikono miwili, akayararua, akaingia, akambeba Ismaili mgongoni mbele ya wavulana wote. Mwili wa mtoto ulimchoma kupitia gauni.

Alipotoka, Mzee Bakary alikuwa ameshatangulia, anakimbia peku kuelekea zahanati, anawapigia watu kelele wampishe nesi.