Fulana Inayosikiliza Moyo

Haya nimesimuliwa juzi na wifi yangu, tukikunja nguo. Alikuwapo, alikwenda kumjulia hali mtoto wa jirani yake.

Jirani huyo ni fundi cherehani, anashona fulana za kuzuia risasi. Siku hizi zimekuja za kisasa: ndani mna ukanda wa waya unaokaa kifuani, unasikiliza moyo na kupeleka habari kwenye skrini ya mkubwa wa kikosi. Askari wakiumia, wabeba machela wanajua waanze na nani.

Mwanawe, ambaye ni askari, alipokuja likizo alilalamika ukanda unambana. Uchungu wa mwana! Mama akaufumua, akauongeza vidole viwili, akarudishia mshono usijulikane.

Kijana akarudi vitani, akapigwa risasi ya paja. Ukanda uliolegea haukusikia kitu. Skrini ikasema huyu ameshakwenda, wabeba machela wakawahi wenye uhai. Yeye akaokotwa mwisho, macho yakiwa wazi. Mguu haukuokoka.

Nyumbani akawa analaani mashine. Mama alimwogesha, akambadilishia bandeji, asiseme neno. Kulia hakulia, kulala hakulala. Mwili alikuwa nao, lakini kama wa kuazima.

Ndipo akaja rafiki wa kikosini, wanamwita Twiga, fulana kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilegezee na mimi kama ulivyomlegezea huyu. Inanibana kuliko mchumba wangu."

"Mchumba gani?" mgonjwa akamdhihaki. "Nani atakumbatia ngazi?"

Mama akaishika fulana. Akikataa bila sababu, Twiga atakwenda kwa fundi mwingine. Akasema, kwa sauti ile ile anayoulizia chumvi:

"Silegezi. Mashine haikukosea, mwanangu. Ukanda ulilegea, haukukusikia. Ni mkono wangu."

Wifi akatazama sakafu. Kijana akatazama pale blanketi lilipolala bapa.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu walipokuleta."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Mama akamgeukia Twiga. "Ivae. Ikaze."

Twiga akaikaza mpaka pumzi ikawa fupi, akaaga.

Kijana akageukia ukutani.

"Nikupe maji?"

"Weka hapo."

Mama akaweka. Wifi akaenda kusuuza vikombe; aliporudi kijana ameshalala. Mama alikuwa kitini, mchana kweupe, mikono mapajani, hawazi kitu. Wifi akamwita, "Dada." Kichwa kilikuwa kimeshainama. Naye amelala.